Nani kabadilisha salio kwenye databesi? Wote tunaingia na root moja, naombeni msaada

mwana_mvumi

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana hapa nilipo usingizi hauji. Nipo kwenye SACCOS moja hapa Dodoma, tunakopesha wakulima wa zabibu na alizeti pamoja na wafanyabiashara wadogo wa sokoni, na tuna matawi mawili nje ya mji, Kibaigwa na Manyoni. Mfumo wetu ni wa PHP, alitutengenezea kijana mmoja wa kujitegemea, databesi ni MariaDB 10.6, seva ya kukodi ya Ubuntu 22.04, matawi yote yanaingia kwa intaneti.

Sasa iko hivi. Mwanachama wa Manyoni kaja kuulizia mkopo mpya, afisa mikopo kafungua akaunti yake anakuta salio la mkopo wa zamani ni 350,000, wakati kwenye kadi yake ya karatasi na kwenye ripoti ya mwezi uliopita ni 1,850,000. Hakuna risiti, hakuna malipo yaliyoingizwa, namba imebadilika tu. Na mwanachama mwenyewe ndiye kasema jamani mimi hiyo hela sijalipa. Meneja kaniita anataka nimtajie NANI, nikaingia kwenye databesi sioni hata pa kuanzia, kwa sababu mfumo unaingia kwa root (akaunti kuu ya databesi isiyo na kizuizi chochote), mhasibu anatoa ripoti zake phpMyAdmin (ukurasa wa kufungulia databesi kwa brauza) kwa root hiyohiyo, aliyetengeneza mfumo anayo, na hata afisa wa Kibaigwa alishapewa siku moja mtandao uliposumbua ili atoe orodha ya wadaiwa. Pasiwedi ni ileile tangu mfumo uanze.

Ninachoomba kujua, kuna njia yoyote ya kumpata aliyefanya, na kuanzia sasa nipangeje ili kila mtu aonekane anachofanya na asiguse kisichomhusu? Hela ya kununua programu kubwa hatuna. Halafu kuna kitu kinaniuma, yule dada wa kaunta ya Manyoni wameshaanza kumwangalia vibaya kwa sababu tu mwanachama ni wa tawi lake, na mimi sina ushahidi wa kumtetea wala wa kumtia hatiani.

kongwa_kwetu

Pole sana ndugu. Badilisha pasiwedi ya root leo hii kabla hujalala, mengine yatafuata.

fundi_wa_seva

Pole mkuu, ila hapo kwenye pasiwedi mimi naomba usubiri kidogo. Ukiibadilisha saa hizi mfumo unakata matawi yote, maana hiyo pasiwedi imeandikwa ndani ya faili la mfumo, halafu aliyefanya anajua kabisa anatafutwa. Kwanza okoa ushahidi uliopo kwa sababu kila siku inayopita unapungua. Apache (programu ya seva inayotoa kurasa za mfumo) kwenye Ubuntu ukiiacha ilivyokuja inazungusha logi, yaani kumbukumbu za kila ombi lililoingia, kila siku na inabakiza za siku 14 tu, za nyuma zinafutwa bila mtu kugusa. Kwa hiyo sasa hivi kopi folda yote ya `/var/log/apache2` na mafaili ya `/var/log/auth.log` pamoja na yale ya zamani yaliyobanwa, weka kwenye diski ya nje, piga `sha256sum` (alama ya kipekee inayobadilika faili likiguswa) kwa kila faili na matokeo uyaandike kwenye karatasi mbele ya mtu mwingine, msaini wote wawili. Hiyo kazi haimalizi nusu saa. Ukimaliza ndio tunazungumza pasiwedi.

Pili, angalia kama databesi yenyewe ilikuwa inatunza kumbukumbu ya mabadiliko:

`SHOW VARIABLES LIKE 'log_bin';`

Ikisema ON una bahati, utaisoma kwa `mysqlbinlog` na utaona komandi iliyobadilisha lile salio na muda wake. Jina la mtu hutaliona, ila muda peke yake ni kitu kikubwa. Ikisema OFF usishangae, MariaDB ikiwekwa kawaida hiyo inakuja imezimwa. Hapo unarudi kwenye bakapu. Kama mnachukua bakapu kila usiku, fungua moja moja utafute huyo mwanachama, ukipata bakapu ya mwisho yenye 1,850,000 na ya kwanza yenye 350,000 basi tukio liko kati ya hizo mbili. Halafu ndani ya muda huo ndio unaingia kwenye logi za Apache kutafuta mistari yenye phpmyadmin. Mtu aliyehariri safu kwa mkono anaacha mstari wa POST wenye `route=/table/replace`, aliyeandika komandi mwenyewe anaacha `route=/import`.

Nasisitiza jambo moja umwambie na meneja wako aelewe. Hakuna logi duniani itakayokutajia mtu kama wote mnaingia kwa jina moja. Hata ungekuwa umenunua programu ya mamilioni, ingeandika root, root, root. Kwanza kila mtu awe na akaunti yake, halafu apunguziwe ruhusa, ndipo logi iwashwe. Watu wengi wanaanza na logi kwa sababu inaonekana ndio rahisi, mwisho wanakuwa na mafaili makubwa yasiyomtaja mtu yeyote.

mwana_mvumi

Asante sana mkuu, nakopi logi sasa hivi. Hizo akaunti nazigawaje, maana nikikosea mfumo ukigoma asubuhi Kibaigwa watakuwa na foleni ya wakulima mpaka barabarani.

fundi_wa_seva

Fanya usiku, na root usiiguse mpaka akaunti mpya zithibitike zinafanya kazi. Anza na akaunti ya mfumo wenyewe, mfumo hauna sababu hata moja ya kuwa root:

`CREATE USER 'mfumo'@'localhost' IDENTIFIED BY 'pasiwedi ndefu';`
`GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON saccos.wanachama TO 'mfumo'@'localhost';`
`GRANT SELECT, INSERT ON saccos.marejesho TO 'mfumo'@'localhost';`

SELECT ni kusoma, INSERT kuongeza, UPDATE kubadilisha, DELETE kufuta. Umeona nimetoa jedwali moja moja. Ni uvumilivu lakini una sababu. Ukitoa ruhusa kwa `saccos.*` nzima halafu ukataka kunyang'anya DELETE kwenye jedwali moja tu, MariaDB inakataa inakwambia hakuna ruhusa kama hiyo iliyotolewa, kwa sababu ulitoa ngazi ya databesi nzima na yeye hawezi kuitoboa tundu katikati. Wengi wanakwama hapo wanaishia kurudisha ALL PRIVILEGES.

Mhasibu mtengenezee view (jedwali la kuonyesha tu) ya ripoti ambayo haina kolamu ya simu wala namba ya NIDA, mpe SELECT ya hiyo view basi. Kama wasomaji ni wengi tengeneza kundi:

`CREATE ROLE wasomaji;`
`GRANT SELECT ON saccos.v_mikopo TO wasomaji;`
`GRANT wasomaji TO 'mhasibu'@'localhost';`
`SET DEFAULT ROLE wasomaji FOR 'mhasibu'@'localhost';`

Huo mstari wa mwisho usiusahau. Bila huo mtu anaingia vizuri halafu anaambiwa hana ruhusa, anakupigia simu, wewe ukiangalia unaona kundi umempa, mnabaki mnashangaana. Na kumbuka MariaDB inahesabu jina pamoja na mahali anapotokea, `'mhasibu'@'%'` na `'mhasibu'@'localhost'` ni watu wawili tofauti kabisa, unaweza kumfungia mmoja mwingine akaendelea kupita. Pitia orodha yote kwa `SELECT user, host FROM mysql.user;` kisha `SHOW GRANTS FOR` kila mmoja, ukikuta akaunti huijui usiifute haraka, ifunge kwa `ALTER USER ... ACCOUNT LOCK` uone nani analalamika. Ila kufunga hakumtoi aliyekwishaingia, ongeza na `KILL USER` jina lake.

Sasa logi. MariaDB ina plagini ya ukaguzi inayokuja nayo bure inaitwa server_audit. Kwenye faili la `50-server.cnf` chini ya `[mariadb]` weka:

`plugin_load_add = server_audit`
`server_audit = FORCE_PLUS_PERMANENT`
`server_audit_logging = ON`
`server_audit_events = CONNECT,QUERY_DML_NO_SELECT,QUERY_DDL,QUERY_DCL`
`server_audit_file_rotate_size = 100M`
`server_audit_query_log_limit = 8192`

Halafu anzisha upya. Hilo neno FORCE_PLUS_PERMANENT linazuia mtu kuing'oa plagini seva ikiwa inatembea. Na hiyo 100M nimeiweka kwa makusudi, kwa sababu ukiiacha ilivyo kila faili linaishia kama MB 1 na yanabaki mafaili 9 ya zamani, yaani una MB 10 tu za kumbukumbu, kwenye mfumo wenye kazi nyingi hiyo haifiki jioni. Nimeona ofisi imewasha ukaguzi mwaka mzima, siku ya kuuhitaji wanakuta logi inaanzia asubuhi ya siku hiyo hiyo.

binti_makulu

Kaka fundi kaeleza vizuri sana, naongezea palipobaki. Mwana_mvumi, ukishafanya hayo yote bado plagini itaandika jina `mfumo` kwa kila kinachofanywa na maafisa wako, kwa sababu wao wanaingia kwenye ukurasa wa PHP na PHP ndiyo inaingia databesi. Afisa wa Kibaigwa na wa Manyoni wote databesi inawaona ni mtu mmoja. Kwa hiyo lazima mfumo uipe databesi jina la mtu aliyeingia. Mara tu baada ya PHP kuunganishwa, itume `SET @mtumishi = 'namba ya mtumishi';` halafu uweke triga (komandi inayojiendesha yenyewe jedwali likibadilishwa):

`CREATE TRIGGER mikopo_badiliko AFTER UPDATE ON mikopo FOR EACH ROW INSERT INTO mikopo_historia (mkopo_id, salio_kabla, salio_baada, mtumishi, akaunti, muda) VALUES (OLD.id, OLD.salio, NEW.salio, @mtumishi, USER(), NOW());`

Angalia nimeandika USER() na sio CURRENT_USER(). Ndani ya triga CURRENT_USER() inakurudishia jina la aliyeitengeneza triga, sio anayefanya badiliko, kwa hiyo ukiitumia hiyo kila wizi utaandikwa kwa jina lako wewe uliyeweka triga. USER() ndiyo inaleta aliyeunganishwa kweli.

Kama muunganisho wa PHP ni wa kudumu hakikisha @mtumishi inawekwa upya kwa kila ombi, la sivyo jina la aliyetangulia linabaki na anayefuata anafanya kazi kwa jina la mwenzake, hapo unaweza kumfukuzisha mtu kazi bure. Na ukikuta safu kwenye historia ambayo mtumishi ni NULL, hiyo ifuatilie siku hiyo hiyo, ina maana mtu kagusa jedwali bila kupitia kwenye mfumo.

Triga ina mapengo yake usiitegemee peke yake. Haioni SELECT, TRUNCATE inafuta jedwali zima bila kuiamsha, na ufutaji unaojifuatisha kwa foreign key (kiungo kati ya majedwali) nao hauiamshi. Mimi ningeweka na hii kwenye majedwali ya pesa:

`ALTER TABLE mikopo ADD SYSTEM VERSIONING;`

Hii ipo MariaDB tangu 10.3. Kila safu ikibadilishwa ile ya zamani inatunzwa na muda wake, unaisoma kwa `FOR SYSTEM_TIME ALL`, na jedwali la aina hiyo linakataa TRUNCATE. Ungekuwa nayo, swali la salio lilibadilika lini ungelijibu kwa sekunde bila kufungua bakapu.

mkaguzi_mstaafu

Vijana wangu mmeongea ya mitambo vizuri, mimi naomba niingie upande wa hesabu maana nimekagua vyama vya ushirika huku kanda ya kati muda mrefu. Kinachonitisha kwenye habari hii sio root. Ni kwamba salio ni namba iliyokaa kwenye jedwali inasubiri mtu aje aibadilishe. Salio halitakiwi kuandikwa na mtu yeyote, linatakiwa kutokana na mkopo uliotolewa ukitoa marejesho yaliyoingizwa, kila rejesho na namba yake ya risiti. Afisa akikosea kuingiza 500,000 badala ya 50,000 hafuti wala harekebishi ile, anaingiza ingizo la kuirudisha kisha anaingiza sahihi, yote matatu yanabaki yanasomeka. Ndivyo leja ya karatasi ilivyokuwa, ukikwangua kwa wembe inaonekana.

Kwa hiyo mwanangu ile ruhusa ya SELECT na INSERT tu kwenye marejesho aliyoandika fundi, hiyo ndiyo yenyewe, ishikilie. Asiwepo mtu wa UPDATE wala DELETE kwenye jedwali hilo, awe mfumo awe meneja. Na anayeingiza ingizo la kurudisha asiwe ndiye anayeliidhinisha. Hayo mkiyafanya hata mwizi akiingia atalazimika kuongeza mstari, na mstari wa kuongeza hauna risiti, unakamatwa siku ya kufunga hesabu.

mwana_mvumi

Shikamoo mzee, nimekuelewa na nimemuonyesha na mhasibu, kakubali kabisa.

Wakuu nimerudi na habari. log_bin ilikuwa OFF kama mlivyosema. Nimefungua bakapu, badiliko lilitokea kati ya bakapu mbili zinazofuatana, na ndani ya logi za Apache za muda huo kuna mstari mmoja tu wa kuhariri:

`[11/Mar/2025:19:47:09 +0000] "POST /phpmyadmin/index.php?route=/table/replace HTTP/1.1" 200`

Kwa hiyo mtu kaingia phpMyAdmin kahariri kwa mkono. IP ni ya mtandao wa simu. Sasa meneja kaona hiyo 19:47, yaani saa moja na dakika 47 jioni, na siku hiyo dada wa Manyoni alichelewa kufunga kaunta alikuwa bado ofisini mpaka karibu saa mbili, kwenye ofisi ile wanatumia modemu ya laini ya simu. Meneja anasema imejulikana na anataka amsimamishe kazi kesho asubuhi. Mimi moyo hautulii.

fundi_wa_seva

SIMAMISHA HILO ZOEZI. Angalia mwisho wa muda, imeandikwa `+0000`. Seva yenu inatumia saa za UTC, hizi za kukodi nyingi zinakuja hivyo, piga `timedatectl` utaona. Sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo hiyo 19:47 hapa kwetu ni 22:47, saa nne na dakika 47 usiku. Kama dada alifunga saa mbili basi tukio limetokea karibu masaa matatu baada ya ofisi kufungwa. Mpelekee meneja sasa hivi, usingoje asubuhi.

Na IP ya mtandao wa simu usiisome kama kitambulisho cha mtu. Kampuni za simu zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, leo yako kesho ya mwingine. Chukua kingine kilichopo kwenye mstari huohuo wa Apache, mwishoni kabisa kuna maelezo ya brauza na kifaa. Tafuta kifaa chenye maelezo hayohayo kimeingia lini tena phpMyAdmin na mchana kilikuwa kinatokea wapi, linganisha na kompyuta zenu. Bado haitatosha kumtia mtu hatiani, ila itasaidia kuwatoa ambao hawahusiki, na kwa sasa hilo ndilo la haraka.

mwana_mvumi

Nimempigia, kasimamisha barua. Mungu akubariki mkuu, kweli kabisa. Timedatectl inasema UTC. Na yule dada hana hata anwani ya phpMyAdmin, hajawahi kupewa.

kongwa_kwetu

Hapo sasa nimeelewa kwanini ulisema tusiwahi pasiwedi. Lakini logi zimeshakopiwa, kwanini root na phpMyAdmin viendelee kuwa wazi? Huyo mtu anaweza kurudi usiku huu.

fundi_wa_seva

Uko sahihi, sasa ni wakati wake. Ushahidi umeshatunzwa, akaunti ya `mfumo` ikishajaribiwa funga usiku huuhuu. Root ibaki ya kuingilia ndani ya seva yenyewe tu, MariaDB tangu 10.4 ina njia ya unix_socket ambapo root haina pasiwedi ya kuzungushwa, anayeruhusiwa ni yule mwenye sudo (ruhusa ya msimamizi wa seva) kwenye Ubuntu. Maana yake orodha ya wenye sudo nayo uipitie, kila mwenye sudo ni root wa databesi hata kama hukumpa. phpMyAdmin itoe kwenye intaneti ya wazi, anayeitaka apitie VPN (njia binafsi iliyofungwa ndani ya intaneti), na poti ya 3306 ya databesi nayo iangalie `bind-address` iwe 127.0.0.1.

Kitu kimoja cha kujua ukianza kusoma logi ya plagini, mtu akipitia phpMyAdmin iliyoko kwenye seva hiyohiyo databesi itamwona anatokea localhost. Mstari utakuwa hivi:

`20250318 06:12:40,srv1,mhasibu,localhost,4512,98871,QUERY,saccos,'UPDATE ...',1142`

Ile namba ya mwisho ni majibu, 0 ni kwamba komandi imekubali, 1142 ni kwamba kakatazwa kwenye jedwali hilo. Za 1142 zisome kwa makini, ndizo zinakuonyesha anayejaribu milango. Kujua katokea wapi hasa itabidi ulinganishe sekunde na logi ya Apache, kwa hiyo saa ya seva iwe sahihi.

wakili_wa_area_d

Nimefuatilia tangu mwanzo, niseme kidogo upande wa sheria kwa sababu suala linaweza kufika mbali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kifungu cha 18 ndiyo inayozungumzia ushahidi wa aina hii kupokelewa mahakamani, na uzito wake unapimwa kwa namna taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa, namna usalama wake ulivyolindwa, na namna aliyeitoa alivyotambuliwa. Kwa hiyo ile karatasi ya sha256sum yenye sahihi mbili itunzeni vizuri sana. Na hapo kwenye aliyeitoa alivyotambuliwa ndipo akaunti ya root ya wote inapowaangusha, wakili yeyote wa upande wa pili ataanzia hapo. Kubadilisha data bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo msimalize kienyeji ofisini kwa kumfukuza mtu, pelekeni taarifa polisi.

Lingine, mnatunza namba za simu, NIDA na madeni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023 na inawataka mlinde taarifa hizo na mjisajili kwenye Tume. Sasa naona fundi kaweka mpangilio usiorekodi SELECT. Kwenye pesa sawa, lakini mtu akisoma orodha nzima ya wadaiwa akaiuza, hamtamwona.

fundi_wa_seva

Hoja nzuri wakili. Nimeziacha kwa sababu mfumo unapiga SELECT mfululizo na logi ingefurika. Suluhisho ni kumtoa `mfumo` kwa `server_audit_excl_users = mfumo` halafu kubadili matukio kuwa `CONNECT,QUERY_DML,QUERY_DDL,QUERY_DCL`, hapo SELECT za binadamu zinaandikwa zote, na mabadiliko ya mfumo yanashikwa na triga na historia ya binti_makulu. Kuingia kwa mfumo kutaendelea kuandikwa, CONNECT haimwachi mtu. Na bakapu mwana_mvumi, zifungwe kwa nywila na zisikae kwenye folda ya wote, faili moja la bakapu lina kila kitu ulichokizuia huku.

ndugu_wa_manyoni

Samahani kwa kudandia, sisi tunatumia SQL Server na ofisi nyingine Postgres, haya yapo?

binti_makulu

Yapo. SQL Server ina Audit yake, na tangu 2016 SP1 ukaguzi wa ngazi ya databesi upo hata kwenye matoleo ya bure, jina la mtumishi unalipitisha kwa `sp_set_session_context` na unaweza kulifunga lisibadilishwe na mtu. Postgres weka pgAudit na uwashe `log_connections`, ina na ulinzi wa safu kwa safu tangu 9.5, afisa wa Manyoni anaona wanachama wa Manyoni tu hata akiandika SELECT mwenyewe. Kwenye Postgres jina lipitishe kwa `SET LOCAL` ndani ya muamala, ukiisha linafutika lenyewe halimwangukii mwingine.

mwana_mvumi

Wakuu, akaunti zimegawanywa, Kibaigwa na Manyoni wamefungua asubuhi bila shida, jalada limeenda polisi na kamati imemwandikia yule dada kwamba hahusiki. Limebaki moja. Meneja anataka apewe root kwa sababu ni meneja. Na mimi mwenyewe nina sudo, naweza kufuta logi nikitaka, kwahiyo hata mimi sina wa kunitetea likitokea lingine.

mkaguzi_mstaafu

Mwambie hivi kwa heshima: mheshimiwa, siku hela ikipotea wenye root ndio watahojiwa kwanza, mimi sitaki uwe kwenye orodha hiyo. Mpatie ripoti zote anazotaka kusoma. Cheo chake ni cha kuidhinisha, sio cha kuhariri majedwali.

fundi_wa_seva

Na kwa upande wako, badili `server_audit_output_type = syslog` halafu rsyslog (huduma ya Ubuntu ya kusafirisha logi) ipeleke kila mstari kwenye mashine nyingine muda uleule inapoandikwa. Kwenye anwani ya rsyslog weka alama mbili za @@ ili iende kwa TCP, moja ni UDP na mistari inapotea njiani, na kwa kuwa inapita intaneti iwe na TLS (usimbaji wa njiani), poti ya 6514. Hiyo mashine ya pili wewe usiwe na pasiwedi yake, ikae kwa mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi, hata kompyuta ya kawaida inatosha. Ukishaweka jaribu kuingia na pasiwedi ya uongo mara moja, halafu mwenyekiti aangalie kwake kama mstari wa FAILED_CONNECT umefika. Usipofika lete hapa ulichoandika kwenye rsyslog.